Mtu wa Kuandikwa kwenye Kadi

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na mtaani kwetu Mlabani mwalimu ndiye karani wa kila mtu. Fomu za vitambulisho, fomu za watoto wanaokwenda sekondari, barua za kuomba hiki na kile, zote nimezijaza mimi kwenye meza yangu ya kulia, mwenye shida amekaa mbele yangu ananitajia jina la babu yake. Nilikuwa mkali. Aliyeacha nafasi wazi nilimrudisha nyumbani akaulize. Kwa hiyo siku nesi aliponipa fomu ya kuomba kadi ya dawa ya maumivu na kusema, "Kaa hapa baba, nikusaidie," nilimjibu kwamba kalamu ninayo.

Saratani ya tezi dume ilikuwa imeshafika kwenye mifupa. Rozari ya asubuhi nilikuwa naisali nimesimama, maana kukaa kulikuwa kazi, na kuinuka tena kulikuwa kazi kubwa zaidi. Daktari aliniambia vidonge vimefika mwisho wa uwezo wake, sasa ni mofini, dawa ya maji, na haitolewi bila kadi kwa sababu kisheria inahesabiwa kuwa dawa ya kulevya. Nilicheka. Mimi niliyewachapa vijana kwa kukutwa na msokoto wa bangi nyuma ya vyoo vya shule, leo nimepanga foleni ili serikali iniandikishe kunywa cha kulevya! Hata hiyo bangi nilishaletewa. Shemeji yangu alikuja nayo kutoka Masagati, imefungwa kwenye gazeti, eti nichemshe ninywe kama chai. Nilimfukuza pamoja na gazeti lake. Kiuno kilikuwa kimekwisha, lakini hasira zangu zilikuwa bado nzima.

Basi nikajaza. Jina, umri, mtaa. Palipoandikwa "Msimamizi wa dawa, jina na namba ya simu" nikajaza pia, sikuinua hata kichwa. Nesi akaipokea, akaisoma, akachukua simu ya mezani kuhakikisha namba, maana ndio utaratibu wao.

Simu ikaita kwenye mfuko wa shati langu.

"Baba, umeandika namba yako mwenyewe."

"Hiyo ni ya mke wangu."

"Mama yuko wapi?"

"Ametangulia. Mwaka juzi."

Sikukusudia kumdanganya. Tangu tuanze kumiliki simu, kila fomu iliyotaka mtu wa karibu nilimwandika yeye, na siku ile mkono ulikwenda wenyewe. Simu yake natembea nayo kwa sababu ndugu zake wa milimani wanaijua namba hiyo tu. Naichaji kila jioni. Ilikuwa haijaita tangu Krismasi, na mlio wake ulinishtua mimi kuliko nesi.

Hakucheka, na kwa hilo namshukuru. Alisema, "Pole sana baba. Lakini nahitaji mtu aliye hai na anayekaa karibu nawe. Hii dawa ukiizidisha unalala kupita kiasi, lazima mtu akuone kila siku. Halafu siku ukituacha, chupa lazima irudi hapa. Nani atairudisha?"

Wakaguzi wa elimu wamenihoji sana katika maisha yangu, wala hawakuwahi kuniuliza hilo. Nikaanza kuhesabu watu. Mwanangu wa pekee yuko Mwanza, ananipigia kila Jumapili, na kila Jumapili namwambia sijambo. Nesi akanirudishia fomu na kuniambia nirudi na mtu huyo. Nafasi moja ilikuwa wazi, kama zile nilizokuwa nikiwarudishia wenzangu.

Ulikuwa msimu wa ndege. Mpunga ukishaanza kushika punje, bondeni kwetu mtu haendi shambani, anahamia. Anabeba sufuria, kuku, godoro na bibi yake, anakwenda kuishi kwenye dungu, kile kibanda cha miguu mirefu, anawinga ndege, kuwafukuza wasile mpunga, kutwa nzima mpaka mavuno. Mimi na mke wangu tulihama hivyo kila mwaka shule zilipofungwa. Nilipita nyumba kwa nyumba na fomu yangu kwenye bahasha. Kufuli. Kufuli. Jirani wa kushoto yuko shambani Mchombe na familia nzima. Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, naye kufuli. Walikuwa wameniaga wote, tena kwa upendo, lakini nikasimama katikati ya mtaa saa nne asubuhi nikaona mimi sina mtu. Nalisema hivyo hivyo lilivyo. Sikuwa na mtu.

Nyumba moja ilikuwa inatoa moshi. Ni ya mama mmoja Msukuma, mjane, anayeuza maziwa mwisho wa mtaa. Yeye halimi mpunga, ana ng'ombe, na ng'ombe hawana likizo. Miaka kadhaa nyuma, mifugo ilipoingia kwenye mashamba ya watu, nilisimama kwenye mkutano wa mtaa nikasema wafugaji wote warudi walikotoka. Nilisema vizuri, kwa Kiswahili cha darasani, nikapigiwa makofi. Yeye alikuwa amekaa benchi la nyuma. Tangu siku hiyo maziwa nilinunua kwingine.

"Shikamoo mwalimu," alisema aliponiona mlangoni, mkono haukuacha kuchuja.

"Marahaba mama."

Nilimweleza vibaya, nikaanzia katikati, nikarudi mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wa kwenu wote wako wapi?"

"Shambani."

"Hata wa kanisani?"

"Hata hao."

Akafunika ndoo. "Kwenye mkutano ule ulisema turudi kwetu."

"Nilisema."

"Ningerudi, leo ungemgongea nani?"

Hakungoja jibu. Aliingia ndani akatoka amebadilisha kitenge, akasema twende kabla jua halijawa kali. Njiani alitembea polepole kwa ajili yangu, hatua chache mbele.

Nesi alituonyesha namna ya kuvuta dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mistari mingapi, kila baada ya saa nne, na kwamba chupa ifungiwe kabatini. Alipofika kwenye ile habari ya kuirudisha, mama yule alisema tu, "Nitaileta." Kisha akaandika jina lake, herufi moja moja, kalamu ameikamata kama mwiko. Nilijizuia nisimsaidie. Penye uhusiano na mgonjwa akaniangalia, nikamwambia aandike jirani.

Dawa ni chungu. Mchana ule maumivu yalitulia taratibu, na nikakaa kwenye kiti, kukaa kwa kweli, mgongo umeegemea. Sikuwa nimejua jinsi maumivu yalivyonijazia nyumba. Yalikuwa yananiamsha, yananipangia chakula, yananipa la kusema peke yangu. Yalipotulia nikasikia saa ya ukutani, na bati likilia kwa jua. Nilitaka sana kumwambia mtu kwamba siumwi. Nilitazama mlango, kisha nikatazama miguu yangu.

Sasa kila asubuhi mama yule hupita na ndoo yake, akasimama nje ya ua. Haingii, dawa najipimia mwenyewe.

"Mwalimu, umeamka?"

"Nimeamka."

Anakwenda zake. Siku nyingi hilo ndilo neno pekee ninalomwambia mtu mpaka kesho yake, kwa hiyo siku hizi nawahi kunawa uso, nakaa kibarazani, nalisubiri swali lake.