Mchuzi Huu Umelala Wapi?

Mkitaka kuona mwanamume mzima akitokwa jasho kama aliyefukuzwa na nyuki, simameni mlangoni mwa mkahawa wowote wa mtaa wetu Bi Ulimi anapoingia kula. Mwenyewe ni mwanamke mfupi, wa makamo, kilemba kimekaa upande. Anaagiza wali na mchuzi, basi. Anakula vijiko vitatu polepole, macho ukutani. Chakula kikiwa kizuri, anaendelea kula na kulalamikia joto kama watu wengine. Kikiwa kibaya, anaweka kijiko chini, anamwita mwenye mkahawa kwa upole kabisa na kumuuliza swali moja tu:

"Baba, mchuzi huu umelala wapi?"

Watu hucheka. Mwenye mkahawa hacheki, maana kabla ya saa nane swali hilo limeshafika sokoni, gereji na kwa walimu wa shule, na sufuria yake inabaki imejaa mpaka jioni.

Kiporo hakimpiti. Mchuzi uliolala hutoa vishanga vya mafuta pembeni mwa sahani. Viazi vyake vimeishiwa kona. Na mpishi akikata kitunguu kibichi juu ili kuficha, kwake yeye ni kama mtu aliyejipaka manukato bila kuoga.

Sasa mtauliza, ujuzi huo kaupata wapi? Hapo ndipo penye kidonda, wapenzi wangu.

Bi Ulimi alipika miaka kumi na mmoja katika mkahawa wa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe. Asubuhi moja alitoka kwenda kununua vitunguu. Aliporudi alikuta upawa umelowa na mchuzi katika sufuria yake umeongezeka. Akamuuliza shemeji, shemeji akamwambia apakue, wateja wanangoja. Mchana huo watu saba waliumwa matumbo, mmoja wao fundi cherehani ambaye ni jirani yake, ukuta kwa ukuta. Walipokuja kudai maelezo, shemeji aliwahi kufungua mdomo.

"Ni huyu! Kila siku namwambia kiporo amwage, hasikii!"

Bi Ulimi akasema sivyo. Lakini aliyewahi kusema ndiye aliyesikika. Alifukuzwa mbele ya wateja, aproni kiunoni, na jina akabebeshwa: Mama Kiporo.

Ndiyo maana nawaambia, ile raha yake ya kuonja mikahawa ya watu ilikuwa na mwiba ndani. Kila alipokamata kiporo, watu walimsifu, kisha wakanong'onezana, "Lazima ajue. Si alikuwa fundi wa mambo hayo?" Kadiri alivyopatia, ndivyo jina lilivyozidi kumganda.

Mkahawa mmoja tu hakuwahi kuuonja. Mumewe, seremala mpole asiyependa kelele, alimsihi asikanyage kwa kaka yake.

"Ya kale hayanuki, mke wangu."

"Labda maneno. Mchuzi wa kale unanuka."

Hata hivyo alinyamaza. Miaka sita alinyamaza, na chuki yake akaitunza kama mtu anavyotunza jiko, anafunika makaa kwa jivu yasizime.

Kilichoyafunua ni harusi. Binti wa fundi cherehani alipata mchumba, na wanawake wa mtaa wakakaa uani kugawana kazi. Huyu wali, huyu nyama, huyu maji. Bi Ulimi akangoja. Fundi cherehani akakohoa, akatazama uzi uliokuwa mkononi mwake.

"Wewe jirani... utatusaidia kupanga viti."

"Viti?"

"Usinielewe vibaya, dada. Wageni ni wengi. Na mimi tumbo langu halijasahau."

Miaka kumi na mmoja jikoni, halafu viti! Bi Ulimi akainuka. Alirudi nyumbani, akasimama mbele ya mumewe aliyekuwa akipiga randa ubao.

"Kesho nakwenda kula kwa kaka yako."

Seremala akatazama uso wa mkewe, akaona hapo hapana la kusihi. "Usimtukane."

"Nimtukane kwa nini? Nitamuuliza tu."

Akamwomba fundi cherehani amsindikize. Fundi alikubali, nadhani kwa aibu ya vile viti.

Saa saba mchana mkahawa ulikuwa umejaa. Shemeji alipomwona aliangusha kitambaa, akakiokota, akatabasamu kwa meno yote.

"Shemeji! Leo jua limetokea wapi? Kaeni, kaeni."

Sasa tazameni kosa alilofanya, na ni kosa la mtu anayeogopa. Wateja wote walipakuliwa kutoka sufuria kubwa iliyo mbele. Fundi cherehani naye akapakuliwa humo. Lakini sahani ya Bi Ulimi shemeji alikwenda kuileta mwenyewe kutoka jikoni, inatoa moshi, viazi vina kona kali kama tofali.

Bi Ulimi akaitazama. Akaisukuma kwa jirani yake, akavuta sahani ya jirani.

"Aa, shemeji, hiyo ni yako!"

"Sisi ni majirani. Tunakula pamoja."

Kijiko cha kwanza. Cha pili. Cha tatu hakukifikia. Mkahawa mzima ulikuwa umeacha kutafuna.

"Shemeji yangu, mchuzi huu umelala wapi?"

Hapakuwa na aliyecheka. Shemeji akageukia jikoni na kupaza sauti ileile ya miaka sita iliyopita. "Wewe mpishi! Njoo hapa! Kila siku nakwambia kiporo umwage, husikii!"

Akatoka dada mmoja mwembamba, mikono ina unga, machozi yako karibu. Bi Ulimi akamwangalia, na nawaambieni, alijiona.

"Usilie, mwanangu. Nijibu moja. Friji ina kufuli?"

"Ina kufuli, mama."

"Ufunguo anao nani?"

Dada akamtazama tajiri wake, akatazama sakafu. "Anao mzee. Mimi nikija asubuhi nakuta ameshamimina."

Fundi cherehani akaweka kijiko chini taratibu. Mbele yao kulikuwa na sahani mbili, mchuzi wa mgeni na mchuzi wa wateja, na mwenye macho haambiwi tazama.

"Kaa, shemeji," akasema Bi Ulimi, akimsogezea kiti na ile sahani aliyoionja. "Kula."

"Nimeshiba."

"Kula, baba!" akafoka fundi wa gereji kutoka nyuma. "Sisi tumekula!"

Akakaa. Akala, kijiko baada ya kijiko, jasho likimdondokea sahanini, na Bi Ulimi akamhesabia kwa sauti kama anayemlisha mtoto. Kilipofika cha saba alimzuia mkono.

"Saba vinatosha, kimoja kwa kila aliyeumwa. Ile siku ya miaka sita iliyopita, nani alimimina?"

"Mimi."

"Hawakusikia huko nyuma."

"Mimi! Nilimimina mimi! Nisamehe, shemeji."

"Nilikuja kula," akasema Bi Ulimi, akainuka. "Msamaha sikuagiza."

Fundi cherehani akarudi naye mpaka kwenye ukuta wao. Hapo akamshika mkono.

"Jirani, sufuria za harusi ni nne. Zote zako. Nilikukosea."

"Ulinikosea kweli." Bi Ulimi hakulainika haraka, msidhani. "Nitapika. Yule dada wa jikoni nitakuwa naye. Na shemeji yangu mpelekee kadi."

"Yule? Aje kufanya nini?"

"Apange viti."