Mawingu Tunayoyaona Mgongoni

Ipo asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu, ambayo mpaka leo hainitoki. Nataka nikusimulie, maana juzi nilikusikia ukisema simu imekuambia Lushoto kuna mawingu, ukaona mambo yameishia hapo.

Nilikuwa kijana wa huku Magamba, ukingoni mwa msitu, ndiyo kwanza nimemaliza shule ya jioni. Baridi ya miaka ile si hii yenu. Mtu anakuamkia asubuhi, shikamoo yake inaganda njiani, unaisikia saa nne jua likishaiyeyusha. Unacheka, lakini muulize yeyote wa umri wangu. Shuleni tulifundishwa mawingu kwa picha: sairasi, jembamba kama unyoya wa kuku, kumulasi, limeumuka kama koliflawa, stratasi, limetandazwa kama blanketi. Niliyakariri majina hayo mpaka mbuzi wetu wakayajua. Ila aliyechora picha zile alisimama chini akatazama juu. Sisi wa Magamba, mwezi wa sita na wa saba, tunaamka na jua usoni, na mawingu yako chini yetu, yamejaza bonde lote. Tunayaona mgongoni.

Na chini ya mawingu hayo aliishi Agnesi.

Nilikuwa nimepeleka posa kwao. Baba yake, Mzee Yonazi, hakukataa wala hakukubali. Alisema njoo kwanza tufanye kazi, kama ilivyo kwetu mchumba kuwasaidia wakwe shambani. Jibu nitalipata maharage yakishaingia ghalani. Kilikuwa kipindi cha kuanika. Maharage yale ndiyo mbegu ya vuli, hawakuwa na nyingine. Yakinyeshewa uwanjani yanavimba, yanachipua, na nyumba nzima inakosa cha kupanda. Redio nayo kila siku ilitangaza: mkoa wa Tanga, hali ya mawingu. Kweli tupu, lakini mawingu gani? Aliye ndani ya ukungu hajui kama juu yake kuna jua au kuna mvua.

Basi nikawa natazama mimi. Mgongo wa wingu ukiwa bapa, umetulia kama uji uliopoa, najua kufika saa nne litapasuka. Ukiumuka na kuanza kupanda kuelekea msituni, siku hiyo ni manyunyu mpaka jioni. Nikishaona, nashuka mbio. Nilikimbia hata kivuli changu kikawa kinafika baada yangu, kinahema. Naingia ukunguni, nyusi zinalowa, natokea uwanjani kwao.

“Redio imeshuka,” Isaka, kaka yake Agnesi, alikuwa akisema. “Haya, soma habari.”

“Shikamoo, Mzee. Anikeni, leo litapasuka.”

“Marahaba. Leteni mikeka.”

Na Agnesi akinipokea kikapu ananong'ona, “Umekuja na harufu ya jua.” Mwanangu, kwa neno hilo ningeshuka hata kwa kichwa.

Sasa asubuhi yenyewe. Mgongo wa wingu ulikuwa bapa kama siku zote njema, ila juu kabisa zilitanda nyuzi za sairasi, na upepo ulikuwa umegeukia upande wa pwani. Nilisimama mpaka chai ikapoa. Maharage yalibaki kidogo tu kukauka, na jibu langu nalo lilikuwa limekaribia. Siku hiyo nilishuka kwa mwendo wa mzee.

“Vipi?” Mzee Yonazi akauliza.

“Mzee, leo sijui.”

Isaka akaangua kicheko. “Betri zimeisha. Wenzetu wanaletewa mbuzi na wakwe, sisi tumeletewa sijui.”

“Nyamaza, Isaka. Wewe, umeona nini?”

Nikamweleza nyuzi, nikamweleza upepo. Akatazama juu, akaona ukungu tu.

“Basi yakae ndani,” akasema.

Saa nne jua likawaka. Si jua la kipupwe lile. Kuku walikuwa wanagombania kivuli cha mnyoo. Kwa jirani tulisikia maganda yakipasuka juani. Sisi tulikaa jikoni tukichambua mbegu, Agnesi haninyanyulii macho, nami nikajua nimemkosa.

Jioni Mzee akaniita nje. “Leo nimepoteza jua,” akasema. “Linaniuma, nisikufiche. Lakini zile asubuhi zote uliposema anikeni, leo ndiyo nimejua kwamba ulikuwa unajua. Waambie wazee wako washuke.”

Agnesi alipanda kwangu, tukazeeka juani. Alipofariki aliomba alazwe kwao, bondeni. Sasa asubuhi za kipupwe natoka na blanketi langu, natazama chini. Nauona mgongo wa wingu umetulia, najua kabisa saa nne litapasuka, na miguu hii mibovu inataka kukimbia ikamwambie. Nasimama hivyo mpaka linapasuka lenyewe.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu. Utabiri wa kwenye simu usome, haukudanganyi, ila unasema habari za wilaya nzima. Ukishausoma toka nje, tazama mbingu iliyo juu ya shamba lako, kisha umuulize aliyesimama mahali ambapo wewe hupaoni. Ulichokiona, kipeleke kwa miguu yako kwa aliye chini ya ukungu, usimwachie abahatishe. Na usichokijua, sema hujui mapema, kabla mikeka haijatandikwa, hata kama anayekusikiliza ndiye unayetaka sana akusifu.

Mungu akupe macho ya kuona mbali na magoti ya kuteremka mlima. Na huko chini, kila asubuhi ya maisha yako, awepo mtu anayekusubiri.