Grisi Kwenye Meno ya Sonda

Mwaka 1992 nilikuwa fundi katika gereji moja chini ya mtaa wa Kiyovu, na kila gari lenye sonda lililetwa kwangu. Sonda ni kijiti cha chuma, ukubwa wa kidole, kinachokazwa kwenye bomba la moshi. Kikishapata moto hulinganisha oksijeni iliyomo kwenye moshi na ile ya hewa ya nje. Petroli ikizidi, oksijeni hubaki kidogo na sonda hutoa karibu volti moja; hewa ikizidi, volti hushuka karibu na sifuri. Kompyuta ya gari husoma hapo, ikapunguza au kuongeza petroli. Ukipima sonda nzima, mshale wa mita hupanda na kushuka bila kutulia. Mshale ukisimama, sonda imekufa.

Hayo yote nilimfundisha mwenzangu wa meza moja, baba wa ubatizo wa binti yangu. Nilimwonyesha hata siri yangu ya kupaka meno ya sonda, yale ya kukazia, grisi ya shaba, isije ikaganda kwenye bomba. Gereji nzima tulijua sisi wawili tu.

Mama mmoja wa ubalozini aliagiza sonda mpya Ulaya. Ya zamani iliuawa na petroli yetu yenye madini ya risasi. Nikamfungia mpya, mshale ukacheza vizuri, ile mbovu nikaitupa kwenye droo yetu.

Wiki iliyofuata nilikwenda msibani Gahanga, na gari lile likaja kubadilishwa oili. Mwenzangu akalishughulikia. Halikukaa sana, likarudi linatoa moshi mweusi. Nikapima, mshale umesimama. Nikaifungua sonda: ilikuwa ile ya zamani, ina mkwaruzo wa spana yangu. Na meno yake yalikuwa na grisi ya shaba.

Bosi aliitazama grisi, aliyozoea kuiona kwenye sonda nilizofunga mimi, akasema huo ni mkono wangu, kwa hiyo mpya sikuifunga kamwe, nimeiuza. Nikamgeukia mwenzangu. Neno lake moja lingeokoa kazi yangu.

"Patron, mimi hii sonda siijui," alisema. "Iko kitu yake."

Nilimwita mwizi mbele ya wote, na sijutii. Nilifukuzwa siku ileile. Lakini mpaka leo kinachonichoma ni ile grisi. Ilipakwa vizuri, nyembamba, bila kugusa ncha, vilevile nilivyomshika mkono nikamwonyesha.