Kiatu Chekundu Juu ya Mkanda wa Taka

Mwanamke anayesimama wa kwanza kwenye mkanda wa mashine unaopitisha taka za kuchambuliwa hutanguliza pua kabla ya mikono. Mfuko ukipasuka mbele yake huunusa, hucheka, kisha humtangazia Evelio, mwendesha mashine, kilicholiwa mjini Santiago jana: "Hawa walikuwa na harusi, mwanangu! Mbuzi mzima!" Vidole vyake vifupi hunyofoa vioo, betri na maganda ya ndizi yaliyolowa, maana tanuri la kiwanda cha saruji halitaki maji wala visivyoungua; matambara na plastiki huyaacha yaende kusagwa yawe kuni za tanuri hilo. Mkanda ukinguruma, yeye husikia muziki wa merengue, na nyonga hazitulii. Juu ya kichwa chake, kwenye msumari, amening'iniza kiatu chekundu cha kisigino kirefu. "Mwenzake yuko njiani," huwaambia wanaomcheka.

Leo asubuhi aliivuta kamba ya dharura. Mkanda ukasimama, na Evelio akashuka ngazi mbio, roho mkononi, akiamini mkanda umemkata vidole. Akamkuta amekumbatia kiatu kingine chekundu, machozi ya kicheko yakimtiririka.

"Si nilikwambia? Amekuja!"

Akakitungua cha msumarini, akavivaa vyote viwili palepale. Vyote vilikuwa vya kushoto.

"Mama, lori la kiwanda cha saruji linasubiri mzigo, na hivyo ni vya mguu mmoja!"

"Basi huko mjini," alisema, akianza kuzunguka kushoto, kushoto tu, "kuna mwenzangu amevaa viwili vya kulia, naye anacheza kuja huku!"

Evelio akaitazama swichi ya mkanda, akalitazama lori, akampa mkono wacheze.