Cheo cha Kuandika Mbele ya Jina la In-seop

Simu iliita mara tatu kabla Sun-rye hajaipokea, maana glavu zake zilikuwa zimejaa pilipili ya kabichi za kuchachusha. Aliyepiga ni Dokta Ma, mwanamke aliyefanya kazi pamoja na In-seop, mdogo wake Sun-rye, kwenye taasisi ya utafiti katika jiji la Daejeon. "Dada, njoo," alisema. Moyo wa In-seop ulikuwa umesimama asubuhi hiyo kwenye ngazi za maabara. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Katika ukumbi wa msiba, karani aliuliza cheo cha marehemu ili akiandike kwenye ubao wa mlangoni.

"Profesa," Mama akajibu kabla mtu hajavuta pumzi.

Karani akaandika. Kwa miaka sita Mama alikuwa akimshukuru Mungu mbele ya kanisa zima kwa ajili ya mwanawe profesa, na hakuna aliyemsahihisha. In-seop hakuwa profesa. Tangu apate shahada ya udaktari alikuwa mtafiti wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na kila baridi ilipoingia alianza tena kutuma maombi. Sikukuu ya mavuno iliyopita, wakiosha vyombo, alimnong'oneza, "Dada, nimeomba kazi ya kudumu mahali kumi na moja. Kote wamenikataa. Mama asijue."

"Nani kati yetu ana mdomo mrefu?"

"Wote wawili," akajibu, akacheka.

Kazi yenyewe, kutengeneza kompyuta inayofuata mwenendo wa ubongo, alimweleza siku moja kwenye duka la Sun-rye la kabichi za kuchachusha. "Kompyuta ya kawaida ni kama mtu anayefunua mitungi yako yote kila dakika aonje kabichi. Ubongo hukaa kimya. Mtungi mmoja ukibadilika harufu, ndipo unainuka. Ndiyo maana hauli umeme mwingi."

"Basi niajiri mimi."

"Wewe mikataba ya mwaka utaiweza?"

Siku ya pili ya msiba, mchungaji alimwomba Sun-rye aandike wasifu wa kusomwa kwenye ibada ya kumuaga. Ndiye aliyeishia sekondari akaingia kiwanda cha nyuzi ili mdogo wake asome, kwa hiyo hakuna aliyemjua zaidi. Supu ya nyama ikapoa mbele yake. Aliandika "profesa", akafuta. Watu wa maabara walikuwa wameuona ule ubao mlangoni, wakainamisha macho. Je, amzike ndugu yake kwa jina la uongo, kana kwamba maisha aliyoyaishi hayakutosha?

Shemasi Gu, rafiki wa Mama na shemasi mwenzake kanisani, akachungulia karatasi. "Sun-rye, msiba si mahakama. Mwachie mama yako kitu kimoja."

"Na In-seop nimwachie nini, Shemasi?"

Asubuhi ya tatu mchungaji akasoma: "Tak In-seop, mtafiti. Kwa mikataba sita alichunguza jinsi ubongo aliouumba Mungu unavyofikiri kwa nguvu kidogo. Aliomba nafasi ya kudumu mara kumi na moja, hakuipata, na kazi hakuiacha."

Watu wa kanisa wakatazamana. Dokta Ma akalia kwa sauti. Mama hakugeuza shingo.

Ndani ya basi la kwenda kuchoma maiti ndipo Mama aliposema, "Mikataba sita?"

"Sita, Mama."

"Umenivua nguo mbele ya kanisa."

"Nisamehe."

Mama akageukia dirisha.

Walingoja saa moja na nusu mbele ya skrini yenye jina la In-seop. Waliimba. Majivu yalipotoka, Sun-rye aliyapakata ndani ya chombo cheupe, bado yana joto, mpaka kwenye ukuta wa kanisa wenye vishubaka vya vioo vya kuhifadhia majivu ya marehemu. Mtunzaji akauliza kibao kiandikwe cheo gani mbele ya jina. Sun-rye akamgeukia Mama.

"Andika jina lake," Mama akasema.

"Bila cheo, Shemasi?" mtunzaji akamuuliza.

"Jina tu."

Mama akakichukua chombo, akakiweka mwenyewe. Mtunzaji akafunga kioo. Mchungaji aliomba kwa ufupi, wakaitikia amina, wakarudi nyumbani.