Nani Kaichezea Baiskeli Yangu?

Tulikuwa tunaendesha baiskeli kutoka Nachingwea hadi Ruangwa, kuchangia nyumba inayotunza watoto wenye maradhi yasiyopona. Njiani tulisimama sokoni kunywa maji. Nilipopanda tena, kiti kilikuwa juu, breki hazishiki na mnyororo unalia. Nikajua kuna mwenzetu kaichezea baiskeli yangu ili nibaki nyuma. Kwenye shughuli ya watoto wagonjwa, jamani! Nilikanyaga pedali nimefura njia nzima.

Ruangwa, mbele ya watoto walioletwa kutupokea, nikamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti.

"Aliyeiharibu baiskeli hii ajitokeze," nikasema. "Mtu huyo hana haya wala imani."

Akajitokeza mzee mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye bodaboda, jembe begani. Nyuma ya ile pikipiki ilikuwa imefungwa baiskeli nyeusi kama niliyoishika.

"Mwanangu, sijaiharibu," akasema taratibu. "Breki zake ndivyo zilivyo. Niliiegesha sokoni nikanunue chumvi, kutoka siioni, imebaki hii yako. Naomba yangu, mama watoto ananisubiri shambani."

Nilichoweza kutamka kwenye kipaza sauti ni, "Shikamoo, mzee."

Waliotangulia kucheka ni wale watoto.