Mbuzi Aliyenikohoza Kwenye Mtihani wa Divine

Aibu hii ningeificha kama ingewezekana, lakini picha zilishafika mtaani kwetu Lucky Summer kabla yangu, kwa hivyo bora mnisikie mimi mwenyewe.

Mimi ni karani wa kusajili wanafunzi wa kigeni katika chuo kikuu kimoja kidogo huku Eastlands, Nairobi (wanafunzi wenyewe wachache, cheo kirefu). Tulikuwa tumeonywa kwamba tukipokea wageni ovyo ovyo bila kujali viwango, tutanyang'anywa ruhusa ya kuwasajili, ndiyo maana Divine, binti aliyetoka Burundi na begi moja, ilibidi afanye mtihani wa hesabu mbele ya mkaguzi, Bi. Mwende, mama asiyecheka. Akifeli, anarudi kwao.

Mimi sikuwa na shaka atapita, na kwetu mgeni hakaribishwi kwa chai tupu, basi asubuhi nikapitia soko la Kiamaiko kununua mbuzi.

"Beba huyu, buda," muuzaji akaniambia. "Huyu hana maneno."

Nikamfungia stoo, ukuta mmoja na chumba cha mtihani.

Divine aliposhika kalamu tu, mbuzi akalia. Nikakohoa ili asisikike. Akalia mara mbili, nikakohoa mara mbili. (Maswali yalikuwa ya kuchagua jibu moja kati ya manne, jambo ambalo mimi, karani mzima, sikulifikiria.) Tukaendelea hivyo, yeye analia, mimi nakohoa, mpaka machozi yakanitoka.

Bi. Mwende akasimama. "Karani, unampa huyu msichana majibu kwa kikohozi?"

"Hapana, madam. Ni mbuzi."

"Mbuzi gani? Mimi nasikia wewe tu."

Nikamleta. Nikamsimamisha mbele ya ubao, nikambembeleza, nikamfinya sikio, naye akamtazama mkaguzi kimya kabisa. Divine akaanza kulia. Hapo ndipo niliposikia uchungu kweli, maana mtoto wa watu hakuwa amekosa lolote.

Bi. Mwende akatoa mtihani mwingine, mgumu zaidi, akatufukuza, mimi na mbuzi. Tukakaa uwanjani juani, wanafunzi wakitupiga picha, na huko nje mbuzi alilia bila kupumzika. Dirisha likafunguliwa, Bi. Mwende akatuangalia, akalifunga.

Divine alipita vizuri sana. Jioni, nyama ikiwa mezani, alininyooshea pakiti ya peremende za kifua.

"Pole, kaka," akasema. "Mimi nilidhani unaumwa."

Siku hizi nanunua nyama ya kilo, baada ya matokeo. Na koo likiniwasha mtihanini, natoka nje kwanza.